Vitabu Visivyo na Muhuri

Juzi binti yangu wa mwisho alipewa kazi ya shule ya kuunda ramani kwa karatasi, na kwa kuwa gundi ilikuwa imeisha dukani, akapika yake kwa unga wa ngano na maji. Mimi nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Harufu ilipofika, ile harufu ya unga unaoiva bila chumvi wala sukari, karibu kushika chini ya sufuria, niliweka kalamu nikatoka nje. Aliniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kitale mtakumbuka kwamba baada ya shule hapakuwa na mahali pengi pa kwenda. Wavulana walikuwa na mpira wao wa makaratasi, wasichana walikuwa na mitungi ya maji. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na kwa kuwa Mama alishinda kwenye cherehani yake pale Matisi, niliruhusiwa kukaa maktaba hadi saa kumi na moja. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati, na mvua ya alasiri ilipoanza hukusikia hata mtu akikohoa kando yako. Nyuma ya meza ya mbele palikuwa na stovu ndogo ya mafuta ya taa na sufuria ya gundi ya unga, ambayo mkutubi aliitumia kubandika kurasa zilizong'oka. Harufu hiyo ilikuwa kwenye mapazia, kwenye kadi, kwenye sweta yake. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kusoma.

Mkutubi tulimwita Madam Nafula. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Bungoma, ambaye hakuwa ameolewa, jambo ambalo majirani zetu walilijadili kuliko walivyowahi kuijadili kazi yake. Sauti yake ilikuwa ya chini hata ukikutana naye nje, sokoni. Na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumchagulia mtu riwaya ya upelelezi.

Karibu na dirisha aliweka rafu fupi, na juu yake kipande cha kadibodi alichokiandika kwa mkono: MPYA. Vitabu vingine vyote mle ndani vilikuwa vimezeeka, migongo imepasuka, lakini vya rafu ile vilikuwa na majalada yanayong'aa: mkono ulioshika taa, mlango ulioachwa wazi, kiatu kimoja kando ya mto. Vingi vilikuwa vya Kiingereza, vichache vya Kiswahili. Ndani ya kila kimoja alitia kikaratasi chenye mstari mmoja au miwili ya kukipendekeza. Vingine navikumbuka hadi leo. "Usianze hiki kama una sufuria jikoni." "Hiki ni cha mtu aliyewahi kudanganywa na rafiki." "Kinaenda polepole mwanzoni, vumilia mpaka mazishi." Hakuwahi kumtaja muuaji, hata kwa fumbo. Alisema kumwambia mtu mwisho wa hadithi ya upelelezi ni sawa na kumlia chakula chake.

Tena hakumpa kila mtu kitabu kile kile. Muuguzi aliyetoka zamu alipewa chenye sura fupi fupi. Mkulima mmoja wa Naitiri, aliyekuja siku za soko na gambuti zenye matope, alitaka riwaya ambazo mwovu ni tajiri, na Madam Nafula alimtafutia bila kumcheka. Kulikuwa na mhubiri aliyeficha kitabu chake ndani ya gazeti. Yeye alipewa zile ambazo hakuna anayelewa pombe. Alikutazama, akakuuliza wiki imekuwaje, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu. Watu walirudi na macho mekundu wakimlaumu kwamba si angewaonya, nao wakiomba kingine papo hapo.

Msomaji wake mkubwa alikuwa Mzee Gurdev, mwenye duka la vipuri vya trekta. Watu wa mji walimwita Kalasinga tu. Ni Madam Nafula peke yake niliyemsikia akimwita kwa jina. Mke wake alikuwa amekufa, ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa, na kila Alhamisi alikuja kuketi mkabala na meza ya mbele wakabishana juu ya kitabu ambacho wote wawili walikuwa wamekisoma. "Mimi iko jua yule muuaji tangu ukurasa ya thelathini," angesema. Madam angemjibu kwamba mara ya mwisho pia alisema hivyo, kumbe alikuwa amemshuku marehemu. Hapo Mzee angecheka kimya kimya mpaka kilemba kitikisike. Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wawili wasio ndugu, wasio na biashara pamoja, wakifurahiana namna ile. Badala ya kulipenda jambo hilo, nililiona la kutiliwa shaka.

Maana kufikia wakati huo nilikuwa nimeambukizwa. Kwa sheria, mtoto wa darasa la tano hakuruhusiwa kuazima kitabu cha rafu ile, lakini Madam Nafula aliniruhusu kuvisoma nikiwa nimeketi kwenye benchi la dirishani, mradi nisitoke navyo. Alianza na kimoja kuhusu posta ya kijijini ambako barua za mtu mmoja tu zilikuwa zikipotea. Kiingereza chake kilinishinda mahali pengi, na kila niliponyanyua kichwa alikuja, akainama, akanieleza neno kwa Kiswahili bila kunieleza kinachofuata. Nilipomaliza niliuliza kama mambo hayo hutokea kweli. Akasema kila mahali penye watu kuna siri, ila siri nyingi si mbaya. Nilichosikia mimi ni nusu ya kwanza.

Nikaanza kuandika katika daftari kuukuu mambo niliyoyaona mjini. Nani alipita na nani. Nani alifunga dirisha mchana. Yote yalikuwa mambo ya kawaida, lakini penseli ikiyaandika yalionekana mazito.

Kisha kikaja kitabu chenye jalada jeusi na jicho moja katikati. Nilikiona siku ile ile kilipowekwa, nikakishika. Madam Nafula akakitoa mikononi mwangu kwa upole. "Hii ngoja kidogo, Nekesa. Ukifika darasa la saba nitakupatia mimi mwenyewe." Haikupita nusu saa akakipendekeza kwa msichana mmoja wa shule yetu, ambaye alikuwa darasa la saba kweli. Leo mimi ni mwalimu na ningefanya vivyo hivyo. Siku ile niliketi kwenye benchi, na sikusoma hata mstari mmoja. Kwa hasira tu nilianza kufungua vitabu vya rafu mpya kimoja kimoja. Ndipo nikaona.

Kila kitabu cha maktaba kilikuwa na muhuri wa zambarau, ukurasa wa kwanza na tena ukurasa wa kumi na saba. Hivyo vya rafu mpya havikuwa na muhuri hata kimoja.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimetumwa na Mama kununua sindano za cherehani. Nikamwona Madam Nafula akiingia duka la Mzee Gurdev na kikapu kitupu. Alipotoka kikapu kilikuwa kizito, kimefunikwa leso. Upepo ukainua pindo la leso nikaona majalada yanayong'aa.

Mtoto mwingine angefikiri kwamba mzee amempa vitabu. Mimi nilikuwa nimesoma hadithi nyingi mno kuamini jambo jepesi. Nilijieleza hivi: maktaba inaletewa vitabu vizuri, Madam anavifuta muhuri, anavipeleka kwa Kalasinga wavisome kwanza wao wawili, kisha vingine anavirudisha ili watu wasishtuke na vingine vinapotelea huko. Ndiyo maana walikuwa wakicheka. Niliandika yote daftarini nikapigia mstari neno "wizi" mara mbili.

Baba alikuwa karani katika ofisi iliyosimamia maktaba. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyerudi jioni amechoka akasoma gazeti mpaka chakula kiive. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniuliza jambo lolote ila nafasi niliyoshika darasani. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilimletea daftari langu. Alilisoma lote. Akaniuliza kama ule muhuri nimeukosa kwa macho yangu mwenyewe au nimesikia. Nikasema kwa macho yangu. Akaniuliza kuhusu kikapu. Nikamweleza mpaka rangi ya leso. Baba akamgeukia Mama, akasema, "Huyu mtoto ana macho." Kisha akaniwekea mkono kichwani.

Nimejaribu mara nyingi kujisamehe kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto. Lakini ule mkono ulipokuwa kichwani mwangu nilijua vizuri kwamba nilikuwa tayari kusema zaidi ya hayo.

Wanaume wawili wa ofisi walikuja maktaba katikati ya wiki hiyo. Nilikuwa kwenye benchi langu. Walikuwa na rejista. Walitoa vitabu vya rafu mpya, wakavifungua ukurasa wa kwanza na ukurasa wa kumi na saba, wakavipanga sakafuni. Vikaratasi vya Madam vilidondoka ovyo na mmoja wao akavikanyaga bila kukusudia. Walimuuliza vitabu vimetoka wapi. Akasema ni zawadi. Zawadi ya nani? Akaanza kuokota vikaratasi vyake sakafuni. Wakamuuliza tena, naye akasema hawezi kumtaja mtu aliyemwomba asimtaje. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nikisubiri akiri, jinsi wanavyokiri katika sura ya mwisho. Hakukiri. Alizima stovu yake, akafunika sufuria ya gundi, akawafuata nje na rejista yao. Alipopita dirishani aliniambia niende nyumbani kabla mvua haijaanza.

Siku mbili baadaye, mezani, Baba alimsimulia Mama kwamba yule Kalasinga wa vipuri alikuwa amefunga duka asubuhi, akavaa kilemba kipya, akaja ofisini. Alisema vitabu vyote ni vyake. Binti yake aliyeolewa Uingereza alimtumia riwaya mpya kila baada ya miezi michache, naye akishazisoma alimpa Madam Nafula kwa ajili ya watu, kwa kuwa maktaba yenyewe haikuwa imeletewa kitabu kipya miaka mingi. Alimwomba asitajwe kwa sababu yeye ni mtu wa duka, na wakubwa wakisikia ametoa kitabu, kesho watakuja kuomba mabati. Baba alisema mzee aliongea kwa adabu, na alirudia mara nyingi kwamba huyu dada si mwizi.

"Basi wamemwacha?" Mama aliuliza.

Baba akasema sivyo. Mzee alikuwa ameharibu kwa kutengeneza. Wakubwa walisema sasa imethibitika kwamba mtumishi wa umma alipokea mali ya mtu binafsi akaileta katika nyumba ya umma bila kuiandika. Angehamishiwa stoo ya mabomba, na maktaba ingepewa mtu mwingine.

Mama aliacha kula. Aliuliza ni nani basi aliyeanzisha maneno haya. Baba alinitazama kidogo, akachovya ugali wake. "Mtu mmoja mwenye nia nzuri," akasema.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Hukumu ilikuwa haijaandikwa, Baba mwenyewe alisema itaandikwa Jumatatu. Ningemwambia kwamba nilikosea, kwamba niliandika nikiwa na hasira ya kitabu cheusi. Pengine isingesaidia. Lakini nilifikiria ule mkono wake kichwani, nikaomba kuongezewa mboga.

Madam Nafula hakwenda stoo. Alirudi kwao Bungoma bila kumuaga mtu. Maktaba ikapata mwanamume aliyekaa nyuma ya meza na redio ndogo sikioni, na ukimuuliza kitabu anakuelekeza kwenye rafu kwa kidevu. Muuguzi hakuonekana tena, wala yule mkulima. Rafu ya dirishani iliwekwa makopo ya rangi. Baada ya muda hata mimi niliacha kwenda.

Mzee Gurdev niliendelea kumwona, maana duka lake lilikuwa njiani kwenda kwa muuza vitambaa. Siku moja alinitambua. Aliniuliza kama nina habari za Madam, nikatikisa kichwa. Kwenye kaunta palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa kamba, kimeandikwa jina la Madam Nafula na anwani ya Bungoma, na juu yake posta walikuwa wamepiga mstari na kuandika kirudishwe. Alisema hicho ni cha tatu. Alidhani labda anwani ina makosa. Mimi nilidhani kwamba aibu imemfanya Madam Nafula achukie vitabu, na nikamhurumia kwa hilo, nikajiona mwema kwa kumhurumia.

Nilikua. Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Wiki ya kwanza tu, mwalimu mwenzangu alinionyesha boma lenye ua wa miti ya sipresi akasema tunanunua maziwa pale, kwa mama mmoja aliyekuwa mtu wa maktaba Kitale. Nilijua mara moja. Nikaanza kunywa chai ya rangi. Kila mwisho wa wiki nilijiambia nitaenda, na kila mwisho wa wiki palitokea nguo za kufua.

Kisha Mama akaniandikia barua. Kati ya habari za mvua na bei ya uzi alitaja kwamba yule Kalasinga wa vipuri amefariki, na wanawe wameuza duka. Jumamosi iliyofuata nilienda.

Alikuwa ameketi uani na mama yake mzazi, wanapukuchua mahindi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe mbele. Alinitambua kabla sijajitaja jina, akasimama, akanikumbatia, akanitambulisha kwa mama yake kuwa huyu ndiye yule mtoto wa benchi la dirishani. Mama mzee alinishika mkono akasema, kwa lafudhi ya kwao, kwamba mimi ni mlefu. Nililetewa kigoda na chai ya maziwa, na nikiwa sijainywa bado nikasema, ili nisipate muda wa kubadili nia.

"Madam, ile maneno ya muhuri. Ni mimi nilimwambia Baba."

Hakuacha kupukuchua. Gunzi liliisha mkononi mwake, akachukua hindi lingine.

"Wewe."

"Ndiyo, Madam."

"Si Mzee?"

Sikuelewa. Ndipo aliponieleza, polepole, akitazama mahindi. Siku ya kuitwa ofisini, karani mmoja alimwambia kwamba asijisumbue kukataa, mwenye vitabu amekuja mwenyewe kusema ni vyake. Ni watu wawili tu waliojua habari za vitabu vile, yeye na Mzee. Kwa hiyo akajua ni nani aliyemchoma. Alifikiri labda mzee aliogopa, akataka kujisafisha kwanza. Barua zake hakuzifungua. Vifurushi alivirudisha kama vilivyokuja. Wakati mmoja Mzee alifika Bungoma kwa gari lake, akasimama pale kwenye sipresi, naye akamtuma mtoto wa jirani aseme hayupo.

Nikamwambia Mzee alienda kumtetea. Nikamweleza kila kitu Baba alichosimulia mezani: duka lililofungwa, kilemba kipya, na vile alivyorudia kwamba huyu dada si mwizi. Alinifanya nirudie hayo maneno mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameacha kupukuchua.

"Nitaenda Kitale," akasema. "Jumatatu nitaenda nimwombe msamaha."

Ilibidi nimwambie.

Aliliweka hindi chini. Mama yake, ambaye nadhani hakuwa amefuata mazungumzo, aliendelea na kazi, na punje zilidondoka kwenye karai moja moja.

"Amekufa lini?" Madam Nafula akauliza.

"Mwezi wa nne."

"Na wewe umekuwa hapa Bungoma tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza, Madam."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa amelikisia. Hakunifokea. Alinihimiza ninywe chai kabla haijapoa, nami nikainywa yote, moto na machozi pamoja, kwa kuwa sikuwa na haki ya kuikataa. Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza mpaka kwenye sipresi.

Niliishi Bungoma miaka sita baada ya hapo, na kila Jumamosi nilienda kununua maziwa. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za shule, akaja kwenye harusi yangu. Nyumbani kwake palikuwa na kabati la vitabu, na wauguzi na walimu walipita kuuliza wasome nini. Nilimwona kwa macho yangu akiwatazama, akiwauliza wiki imekuwaje, akinyoosha mkono. Mimi hakunichagulia kitabu hata mara moja, nami sikuthubutu kumwomba.